Nyama ya Taratibu

Jumanne, 7 Oktoba

Haika amekubali kutoka na mimi Jumamosi! Haika, nesi wa zamu ya asubuhi! Na mimi, Gasto, msukuma viti vya wagonjwa!

Ila kaweka sharti. Amesema amechoka na maringo yangu. Nikimaliza jioni moja bila kujifanya, Jumapili atanipeleka Oakdale kwa shangazi yake, Mama Ephrasia, nikajulikane. Nikishindwa, tubaki kusalimiana kwenye lifti. Nikamjibu kwamba kujifanya si tabia yangu. Kisha nikamwambia tutakula kwa Wafaransa, maana chakula chao nimekizoea.

Sijawahi kukila.

Alhamisi, 9 Oktoba

Wa kulaumiwa ni George. Anaimba besi kwaya moja na Haika, na majuzi aliwachomea wanakwaya nyama uani kwake, kavaa aproni. Mimi ua nitautoa wapi? Naishi ghorofa ya kumi na tisa, Cedar-Riverside.

Basi nimebuku meza kwenye mgahawa wa Kifaransa katikati ya Minneapolis, mkongwe kuliko mimi. Menyu nimeisoma kwenye simu ndani ya treni, nikapitiliza vituo viwili. Sikuambulia kitu mpaka nilipofika kwenye “tartare”. Tartare... taratibu! Nyama ya kupikwa taratibu, kwa moto mdogo! Neno wamelichukua kwetu, tena bila kushukuru. Nikajipigia makofi. Mama mmoja akahama kiti.

Jumamosi, 11 Oktoba

Viti vyekundu, shaba inang'aa, wahudumu wana aproni ndefu nyeupe. (George, umeona aproni?) Haika kapendeza mno. Nikasahau kumsogezea kiti, akajisogezea.

Mhudumu alikuwa bwana mrefu, kwenye beji kaandikwa Thaddée. Nikamtupia “bonjour” kwa sauti, saa moja usiku. Akajibu “bonsoir”, salamu ya jioni, kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto. Haika akaagiza supu ya vitunguu. Mimi, tartare. Thaddée akaniuliza kwa Kiingereza kama nina hakika. Nikacheka kicheko cha mzoefu.

Alipoondoka nikamweleza Haika, kwa Kiswahili, historia nzima ya neno. Nikaongeza kwamba huyu mhudumu mwenyewe wala haijui, watu wa Paris kazi yao kubeba sinia tu.

Nyama ya taratibu ikaja baada ya dakika tano. Mbichi! Nyekundu! Juu yake kiini cha yai, kibichi nacho, kinanikodolea.

Nikamwambia Haika ndivyo inavyoanza, moto unaletwa baadaye. Tukangoja moto. Supu yake ikaisha. Tukaendelea kungoja.

Hatimaye Thaddée akainama sikioni kwangu. “Kaka, hakuna moto yenye iko nakuya. Hii ni nyama mubichi. Na mimi niko mutu ya Bukavu, hapana Paris.”

Nilitamani ardhi ipasuke. Haika akakunja kitambaa chake cha mezani. Nikaogopa kweli kwamba nimempoteza, nikasema yote: Kifaransa sijui, chakula chao ndiyo kwanza nakiona, na George ananikosesha usingizi.

Akacheka mpaka akatoa machozi. Akavuta sahani, akaila tartare yote na viazi vilivyokuja nayo. Akasema leo ndiyo mara ya kwanza amekutana na Gasto. Sharti nimelivunja, lakini kwa kuwa nimekiri, kesho twende. Akanipa namba ya shangazi nimwarifu tukiwa njiani. Mama Ephrasia atapika mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Niende nilivyo, basi.

Jumapili, 12 Oktoba, asubuhi

Nilivyo! Nilivyo ndiyo nini? Mtori hata George anaweza kuula.

Kuna mgahawa wa Kijapani upande wa Maplewood. Menyu nimeisoma. Sashimi. Sasa, hima! Yaani samaki wa kupikwa sasa hivi, himahima! Kwenye picha anaonekana mbichi, lakini bila shaka walimpiga picha kabla ya kumpika.

Nimebuku meza ya watu watatu. Nimemtumia Mama Ephrasia ujumbe asiwashe jiko. Nimemweleza pia kwamba chakula cha Kijapani nimekizoea.