Barafu ya Ndanu na Viatu vya Gikomba

Jumatatu, Agosti 4

Nimeamua. Ijumaa napanda Mlima Kenya na kikundi cha kanisa. Kavinya, binti yangu, ameuliza kama nina homa. Nimemwambia sina homa, nina mpango.

Sababu ni mama yake. Mwaka tuliooana tulipita Nanyuki asubuhi, mawingu yakafunguka, Ndanu akaona weupe kileleni. Akasema ni barafu. Nikasema ni mawe meupe. Tukabishana hadi Karatina, kisha maisha yetu yote, kila tulipotundika kalenda yenye picha ya mlima. Alikuwa akininyooshea kidole chenye unga wa chapati: "Nenda ukaguse basi!" Sikwenda. Mwaka jana tulimzika Kibwezi. Sasa nataka kugusa, nijue nani alishinda. Natamani awe yeye. Lakini mawe nayo hayajatoka mashindanoni.

Tatizo la kwanza: Clare, kiongozi wa kikundi, atakagua mavazi ya kila mtu Alhamisi katika ukumbi wa Kaloleni. Asiye na mavazi ya baridi atabaki Nairobi.

Tatizo la pili: Muoki, kakake Ndanu, pia anaenda. Binti yake aliye ng'ambo amemtumia jaketi, glavu, kofia na viatu, vyote vipya, vyote rangi moja. Leo amepita mlangoni kwangu akiwa amevivaa. Jua la saa saba! Jasho linamtiririka, anatabasamu. Amesema, "Shemeji, usijisumbue. Nitakuletea picha."

Picha!

Jumanne, Agosti 5

Soko la Gikomba, kabla vibanda havijafunguliwa. Mpango: kamera. Mtumba unapokatwa kamba, nguo bora kuliko zote huitwa kamera, na wenye maduka huzinyakua kabla ya mtu mwingine kugusa. Siri yangu ni kuwawahi kwa kuketi juu ya mtumba wenyewe. Wacera, mwenye mtumba, ameniuliza kama nimefiwa ama nimechoka tu. Nimemjibu yote mawili. Ameniletea chai. Mama mwema.

Kamba ikakatwa. Vurugu! Nimeibuka na jaketi la manyoya ya bata, rangi ya machungwa, zipu nzima. Halafu viatu. Sijawahi kuona viatu kama hivi! Vigumu kama ndoo, vinakaribia magoti, kila kimoja kina vifungo vinne vya chuma. Hakuna aliyenigombania. Watu wa Gikomba hawajui mlima. Wacera amekiri hajui ni vya kazi gani, ila anaona vina heshima.

Nimevivaa kurudi nyumbani. Kifundo cha mguu hakipindi hata kidogo. Nadhani huo ndio usalama wenyewe. Muoki alikuwa getini. Ameniuliza nimevunjika lini, na kwa nini miguu yote miwili.

Wivu.

Jumatano, Agosti 6

Mtu mwenye akili hujaribu vifaa vyake kwanza. Rafiki yangu Wehliye anauza nyama ya mbuzi Kiamaiko na ana chumba cha baridi. Nilifika nimevaa kila kitu: fulana tatu za pamba, sweta la kijani aliloniachia Ndanu, jaketi, viatu. Mbuzi waliokuwa wakisubiri nje walinipisha.

Wehliye alikuwa barabarani akimfokea fundi kwa simu. Sikutaka kumkatiza. Nikaingia, nikafunga mlango. Nyama yote ilikuwa imehamishiwa kwa jirani, nadhani kunipa nafasi. Taa haikuwaka. Nikaketi kwenye kreti, nikasubiri baridi.

Ajabu! Sikuisikia hata chembe. Baada ya muda mfupi jasho lilikuwa linaingia machoni. Jaketi ni la maana kweli.

Wehliye alipofungua mlango alipiga kelele kwanza, kisha akauliza, "Nyamai, wallahi, unafanya nini humu?" Nikamwambia najaribu baridi. Alitaka kunieleza jambo fulani kuhusu mashine. Nikamwambia asijisumbue, nimeona ya kutosha. Amenifungia maini nipeleke nyumbani.

Nimelala vizuri leo mchana. Ndanu alipenda maini.

Alhamisi, Agosti 7

Ukaguzi. Nitaandika polepole, kwa sababu nilikuwa na aibu kidogo.

Muoki alitangulia. Clare akampitisha kwa kutikisa kichwa tu. Kisha mimi. Nilivua jaketi, mshono wa kwapa ukaachia, manyoya yakajaa ukumbini. Mtu wa kwaya alipiga chafya mpaka akatolewa nje. Clare akasema kwa upole mwingi kwamba litashonwa, ila likilowa halitakuwa na faida, kwa hiyo lazima niwe na koti la mvua la kuvaa juu yake. Fulana za pamba akazikataa zote: zinanywa jasho, halafu zinakugandisha. Kisha akafika kwenye viatu. Akavizunguka.

"Mzee wangu," akasema, "hivi ni vya kutelezea kwenye theluji. Hufungwa kwenye mbao ndefu. Havitembei."

Muoki alicheka akashika mlango asianguke. Alisema dada yake angekuwepo angecheka pia. Hilo ni kweli. Angecheka mpaka akae chini.

Halafu Clare akashika sweta. Akalipindua, akauliza nani alilifuma. Nikasema mke wangu. Akasema ni sufu safi, na katika ukumbi mzima ndilo vazi pekee ambalo angeniomba. Akauliza kwa nini mkono wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto. Nikamweleza. Nilikuwa dereva wa lori la kaunti, sikuwa na muda, Ndanu alinipima nikiwa nakula. Mkono wa kulia ulikuwa umenyooka kufuata sukuma wiki. Muoki akaacha kucheka, akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake ambacho hakikuwepo.

Ndipo Kavinya akaingia na koti la mvua na buti zangu za zamani za kazini. Alikuwa amezipaka mafuta, kama mama yake alivyofanya kila Jumapili. Clare akazipinda, akasema hizi hapa. Nimepita! Sharti moja: viatu vya plastiki vibaki Kaloleni. Nimekubali mbele ya watu wote.

Nimevifunga ndani ya blanketi, chini kabisa ya mkoba. Clare ni mtaalamu wa kutembea. Lakini juu kule kuna barafu, na hata yeye amekiri kwamba hivi ni viatu vya barafu.

Jumapili, Agosti 10

Kambini, chini ya kilele. Tumetembea tangu juzi. Buti za kazini hazijanisumbua hata kidogo. Sweta ni kama kuketi karibu na jiko. Mkoba ndio una uzito wa ajabu. Muoki ameniuliza kama nimebeba mashine ya kusaga. Baadaye, kwenye mteremko mkali, aliuchukua bila kuniuliza akaubeba hadi juu, akilalamika njia nzima. Angejua amebeba nini!

Mawingu yamefunika kila kitu. Weupe hauonekani. Muoki na mimi tumekunywa chai kutoka kwenye chupa yake mpya, ambayo anasema inaweza kuweka kitu moto ama baridi siku nzima. Ameniambia Ndanu alipokuwa mdogo alilamba bati wakati wa mvua ya mawe. Sikuwa nimewahi kusikia hiyo. Nimemwomba aisimulie tena.

Jumatatu, Agosti 11

Tuliamshwa kabla ya mapambazuko twende kileleni. Nikajificha nyuma ya hema, nikavaa viatu vyangu. Vifungo vyote vinane vikalia ka! Ka! Ka! Nikajiunga na mstari.

Mahali tambarare nilikwenda vizuri, kwa mwendo wa bata. Kisha changarawe ikaanza kupanda. Kupanda kunahitaji kifundo kinachopinda. Kila nikipiga hatua moja narudi mbili. Mwishowe nikaketi bila kupenda, nikateremka hivyo hivyo nimeketi mpaka miguuni mwa Clare, aliyekuwa mwisho wa mstari. Akamulika tochi. Akavitazama viatu.

Nikamwambia buti ziko kambini, naweza kwenda kuzichukua mbio. Akasema hakuna mbio hapa, na kundi haliwezi kusubiri kwenye baridi. Mpagazi mmoja akanirudisha. Nilipogeuka, Muoki alikuwa amesimama ananitazama. Nilisubiri acheke. Hakucheka. Akageuka, akapanda.

Nimekaa asubuhi yote kando ya jiko la mpishi. Mawingu hayakufunguka. Nilikuwa nimefika karibu kiasi hicho, na sikuwa na jibu la kumpa Ndanu.

Mchana wakarudi. Muoki alikuja moja kwa moja, glavu zake za fahari mfukoni, vidole vimechubuka. Akasema glavu ni nene mno, haziwezi kuchokonoa. Akaniwekea chupa ya chai mapajani. "Fungua, shemeji."

Nikafungua. Ndani hamkuwa na chai. Kulikuwa na kipande kama ngumi ya mtoto, cheupe, kimeingiwa na mchanga kidogo.

Nilikunja ule mkono mrefu wa sweta, nikakishika kwa vidole vitupu. Kikaniuma. Kikaanza kunilowesha kiganja.

Ni barafu. Alishinda.

Muoki akasema na iandikwe kwamba familia yao haikosei. Nikasema sawa. Tukakishika kwa zamu mpaka kikaisha.

Jumatano, Agosti 13

Nyumbani. Magoti yanauma, moyo mtulivu. Nimeitundika tena kalenda ya zamani yenye mlima, ingawa miezi yake imepita. Nimemwambia Ndanu ameshinda. Kavinya amenisikia, akaendelea kusonga ugali.

Wehliye amekuja kunipa pole. Amefichua kwamba Jumatano ile mashine ya baridi ilikuwa imeharibika, fundi aliitengeneza kesho yake. Alisubiri nishtuke. Lakini nimefikiria vizuri: jaketi linalotia joto namna ile hata pasipo baridi, ni jaketi la aina gani hilo! Nimemwambia nitalipeleka Kilimanjaro.

Muoki amesema akienda Kilimanjaro ataenda na mimi, ila mkoba wangu ataukagua mwenyewe.

Hatapata kosa. Kosa nimeligundua. Clare mwenyewe alisema: viatu vile hufungwa kwenye mbao ndefu. Mimi nilikwenda na nusu ya kifaa! Wacera amepiga simu leo. Anasema ndani ya mtumba wa jana zimetoka mbao mbili ndefu, nyembamba, zimepinda mbele, na hakuna anayezigombania.

Nimemwambia aziketie mpaka nifike.