Njooni Tuandae Mazingira

Jumatatu, 10 Machi 2025

Mama Evarista kaja asubuhi, kasimama mlangoni, kakataa kiti. Dalili mbaya. Mwenye nyumba akikataa kiti, jua umekwisha. Kasema chumba changu cha kompyuta kimegeuka stoo ya vumbi, na Lembris anakitaka. Lembris! Niliyemfundisha mwenyewe kushika mausi! Karudi kutoka Arusha na ndevu na kompyuta ya Mac, anataka kufundisha vijana kuandika programu. Mama kanipa hadi Jumamosi. Chumba kikijaa watu, nabaki. Kikiwa kitupu, natoka.

Nimebaki nikiangalia benchi. Zamani madereva wa watalii walipanga foleni hapa, wametoka kreta kuonyesha wanyama, na vumbi hadi kwenye kope, niwaandikie Wazungu wao barua pepe. Na pale mwisho wa benchi, kila siku akishakamua ng'ombe, alikaa Mzee Dominic, marehemu mume wa Mama Evarista, akisubiri barua ya binti yao Vumilia aliyeko Kanada. Alikuwa na swali moja tu, akiitazama kompyuta: "Imejibu?" Nimemkumbuka mpaka chai ikapoa.

Sitoki. Lembris atafundisha kwa Mac peke yake? Mimi nitafundisha kwa Windows, Linux na Mac!

Tatizo dogo: sijui kuandika programu.

Jumanne, 11 Machi

Nimetazama video. Kabla ya kuandika programu, unaweka kwanza vifaa vyote ndani ya kompyuta, vizoeane. Kiingereza kina neno lake. Nimefungua kamusi: mazingira. Kuandaa mazingira! Kiswahili kitamu jamani.

Nimeanza na Windows. Nimeweka Python, lugha ya kuandikia programu. Nikaandika "python", nikabonyeza. Kompyuta ikanifungulia duka la programu. Sikuomba duka! Nimefunga, nimerudia. Duka. Hata wamachinga wa stendi huelewa ukisema hapana. Eti kulikuwa na kisanduku cha kutiki mwanzoni. Nani anasoma visanduku?

Jumatano, 12 Machi

Linux. Imeniomba nywila. Naandika, hakuna herufi inayotokea. Kibodi imekufa! Nimekimbia kununua mpya. Nayo imekufa! Nikajua ni hujuma ya Lembris.

Mara huyo dirishani. Kaniamkia shikamoo, kisha kasema Linux huificha nywila, niandike tu hivyo hivyo, nibonyeze. Nikasema najua, nilikuwa napima kibodi. Nimesubiri aondoke. Imekubali.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba bado ananiita mwalimu.

Alhamisi, 13 Machi

Mac sina. Nimechukua laptop yangu nyeusi, nimeipaka rangi nyeupe iliyobaki kigangoni, nikabandika tofaa nililokata kwenye boksi la juisi. Nimelimega kwa mkasi. Ukiwa mbali, huwezi kujua.

Lembris kajua akiwa mbali. Kasema tofaa limeng'atwa upande usio wake. Kisha kasoma tangazo langu, kanishauri kwa upole niandike vile vijana wanavyosema, maana huku kwetu mazingira ni mambo mengine. Wivu! Nimemwambia Kiswahili tulifundishwa kwa fimbo. Nimebandika tangazo sokoni na stendi, na moja nimempa kondakta wa basi la Kansay:

NJOONI JUMAMOSI TUANDAE MAZINGIRA. BURE. LETENI VIFAA VYENU.

Jumamosi, 15 Machi

Wamejaa! Mlango haufungi! Kikundi kizima cha akina mama wa Kansay, mbele yao Petronila, mwenyekiti wao. Wana majembe. Nikadhani wamepitia shambani.

Nikaanza: leo tutafungua Windows. Wote wakatazama dirisha. Petronila kanyoosha mkono, kauliza kwa heshima mashimo yako wapi, kwa sababu miche imeshinda juani. Miche? Nikachungulia nje. Miche!

Ningesema ukweli, wangeondoka. Na Mama Evarista ndiyo kwanza anaingia getini, anahesabu vichwa kwa macho. Nikasema: nyuma ya nyumba.

Nyuma ya nyumba kuna maharage ya Mama Evarista. Kulikuwa na maharage. Wale akina mama ni wachapakazi mno.

Nikajiandaa kukimbia. Lakini Mama Evarista kainama, kashika jani la mche mmoja. Mgrivelia. Mzee Dominic alipanda migrivelia palepale, ikakatwa walipojenga vyumba vya kupangisha. Karudi ndani, kakaa mwisho wa benchi, pale pale pa mzee. Kauliza polepole kama barua zake bado zimo kwenye kompyuta.

Zimo zote. Sijafuta hata moja. Nikamsomea ya mwisho aliyonituma niandike: "Vumilia mwanangu, mvua imenyesha, ng'ombe mwekundu amezaa, mama yako anasema ule vizuri. Uje." Mama kalia. Nami nimelia, mbele ya akina mama wote na majembe yao. Namkumbuka sana yule mzee.

Kisha Mama kajifuta, kasema maharage nitayapanda upya.

Jumapili, 16 Machi

Hukumu imetoka baada ya misa. Chumba kapewa Lembris: eti watu wa majembe hawahesabiki. Lakini benchi halitoki, kompyuta ya barua haitoki, na mimi sitoki: nivitunze vyote viwili na nimwagilie miche. Lembris mwenyewe ndiye aliyeniombea nibaki. Sharti lake moja: nisiandike tangazo tena maishani.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwagilia. Lembris kasema programu za vijana zina makosa mengi, Jumamosi atawafundisha kuyaondoa. Makosa hayo yana jina lake la Kiingereza. Nimefungua kamusi: wadudu. Safi kabisa! Nitamsaidia kimyakimya, atanishukuru. Nimeshampa kondakta wa Kansay:

NJOONI JUMAMOSI TUUE WADUDU. BURE. LETENI VIFAA VYENU.

Safari hii hakuna wa kuelewa vibaya. Petronila kashapiga simu, anauliza kikundi kije na mashine zao, zile za kubeba mgongoni? Nimesema waje nazo zote! Kumbe wana laptop muda wote huu, wamenyamaza tu.