Udaga wa Nyani

Jumatatu, 3 Septemba 1956

Nimeamka salama. Namshukuru Mungu. Namshukuru pia mama mdogo Marieta, mpishi wa kambi hii ya wageni mpakani mwa hifadhi, mashariki ya Bunda. Yeye ndiye aliyeniombea kazi nilipomaliza shule.

Tatizo ni Gati. Wasichana tuko wawili, nafasi ni moja. Jumapili Bwana Nyama, mkuu wa kambi, atachagua wa kubaki, na mke wake atampeleka huyo Musoma kujifunza uuguzi. Mwingine atarudi kwao. Kwetu ni Butiama. Ninapapenda sana. Lakini uuguzi!

Leo wageni wamenuna. Walipiga gramafoni chemchemini tangu asubuhi, watoto wao wakawakimbiza kuro waliokuja kunywa, huku wakipiga makelele, na kila chenye miguu kikaondoka. Kisha memsabu mmoja akaniuliza, "Nyama wapi?" Jibu nilikuwa nalo: mmewafukuza wenyewe, mama. Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Gati akadakia kwamba wako njiani wanakuja. Akapewa peremende!

Jumanne, 4 Septemba

Nimepata akili! Nikiwaleta wanyama, wageni watafurahi, na mimi sitalazimika kusema lolote. Nyumbani tukianika udaga, mihogo yetu iliyovundikwa, juu ya mwamba, nyani hushuka kuuiba, nasi watoto tunashinda tukiwarushia mawe. Basi hapa nitaanika, mawe nitayaacha.

Nilimwambia mama mdogo kwamba mihogo yake imeshika unyevu, bora kikapu chote kipate jua kwenye mwamba ulio mbele ya baraza. Akanisifu kwamba shule haikuniharibu. Nimeshukuru.

Jumatano, 5 Septemba

Nyani! Kwanza dume kubwa, limekaa juu ya udaga kama hakimu. Kisha mama mmoja na mtoto mgongoni. Kisha ukoo wote. Wageni wakapiga picha, wakarusha mikate, wakarusha ndizi. Bwana Nyama alikuwa amekwenda Kiabakari, hakuna aliyewazuia.

Memsabu akauliza nani kawaleta. Nikafungua mdomo. Ikatoka hewa. Gati akasema, "Mimi, memsabu. Hawa wananijua." Peremende nyingine!

Mama mdogo akaona kikapu chake. "Wewe mtoto! Nyumbani tunawafukuzaga, wewe unawaalika?" Akanipiga mwiko mmoja. Namshukuru haikuwa miwili, wala hakunisema kwa mtu.

Ijumaa, 7 Septemba

Kuro wamerudi alfajiri kunywa. Wageni wakatoka mbio na kamera, nyani nyuma yao wakidai mikate. Kuro hawakunywa. Walisimama mbali wakatutazama, kisha wakageuka na kiu yao. Mbavu zao zinaonekana.

Nyani wamekula mayai ya kwale aliyekuwa akiatamia kando ya chemchemi. Nimelia kidogo. Nashukuru kwale mwenyewe amepona.

Jumamosi, 8 Septemba

Siku mbaya. Yule mama nyani aliingia barazani, mtoto mgongoni, akampokonya mtoto wa memsabu mkate na kumkwaruza mkono. Bwana Nyama alikuwa amerudi. Akaenda kuchukua bunduki. Alisema nyani aliyezoea mkono wa mtu harudi porini, atauma mwingine kesho.

Akauliza nani kawazoesha. Memsabu akamkumbusha Gati kwamba alisema nyani wanamjua. Gati akajibu, "Kwa sura tu, memsabu."

Bwana Nyama akalenga. Mama nyani alikuwa ameketi mwambani, anamtoa mtoto wake chawa. Nikasikia mtu anapiga kelele. Kumbe ni mimi!

Nilisema yote, mbele ya wote. Kwamba mimi ndiye niliyewaita kwa udaga. Kwamba wageni ndio waliowalisha. Kwamba kuro wanakufa kiu kwa sababu ya gramafoni na mbio zao. Memsabu akawa mwekundu. Bwana Nyama akashusha bunduki, akaniambia hakujua kama nina sauti.

Jumapili, 9 Septemba

Uamuzi umetoka. Mgeni haruhusiwi tena kulisha mnyama wala kukaribia chemchemi. Nyani wamepewa hadi mvua za vuli wasahau mikate, wasiposahau, bunduki. Wa kuwasahaulisha ni mimi: nitapiga debe kutwa nzima kuwafukuza, kisha nirudi Butiama. Anayekwenda Musoma ni Gati.

Aliniachia peremende moja. Nimeshukuru. Niliila huku nikilia, kisha nikachukua debe. Mama nyani alinitazama kwa uchungu sana. Lakini yuko hai, anatazama!

Jumatano, 19 Septemba

Nyani wamepungua. Leo sikumwona yule mama, wala mtoto wake, na mama mdogo amenipa kipande cha nyama cha pongezi. Mkono unauma. Namshukuru Mungu kwamba ninao.

Jioni nilipoweka debe chini nikaona kuro mmoja, peke yake, mbali na maji. Anaogopa bado. Nimemwonea huruma sana. Sasa, ng'ombe wa baba kule Butiama wakionja magadi, humfuata hata mtu wasiyemjua. Na mama mdogo ana gunia la magadi nyuma ya jiko, nusu yake imeganda, haitumii.

Konzi moja tu, chini ya dirisha langu. Wageni hawataona. Mnyama hawezi kuharibika kwa konzi moja.

Labda mbili, maana atakuwa na wenzake.