Uso wa Baba kwenye Vifuniko vya Chupa

Jamani, leo nimeaibika mbele ya kanisa zima, na hakuna wa kulaumu ila mimi. Nimekaa sebuleni kwa mama huku Migwani, jua linaelekea kuzama, wageni wameenda. Nawaandikia nyinyi kwa sababu mke wangu amesema nikimsimulia tena atahamia kwa jirani.

Wengi mnanijua. Kwa wale msionijua, mimi ni Mutua, nauza vifaa vya umeme pale Wote, na jioni natengeneza kinywaji cha tangawizi jikoni kwangu. Si pombe. Kina hamira kidogo ya kukipa gesi, basi. (Pasta pia aliuliza. Nilimjibu hivyo hivyo.) Nilianza na chupa za soda zilizotumika na kimashine cha mkono cha kubana vifuniko. Halafu nikagundua kuna jamaa Nairobi anachapisha picha yoyote unayotaka juu ya vifuniko. Hapo ndipo nilipopotea. Tangawizi ya asali nikaiwekea kifuniko cha njano chenye nyuki. Ya ndimu, cha kijani. Siku ya kuzaliwa kwa mke wangu, vifuniko vilikuwa na jina lake, Nduku. Alichukua kimoja akakigundisha sumaku nyuma, akakiweka kwenye mlango wa friji. Nikaanza kujiona msanii.

Baba alifariki mwaka jana. Leo ilikuwa siku ya maombi ya kumkumbuka na kuweka msalaba wa simiti kwenye kaburi. Alikuwa mfugaji wa nyuki, mtu wa maneno machache. Ukifanya jambo zuri hakukusifu, alikuangalia tu kidogo zaidi ya kawaida. Asali aliyorina mara ya mwisho mama aliniachia mimi, na miezi yote hii sikujua niifanyie nini. Kuila, naona vibaya. Kuiuza, ndiyo kabisa. Mwishowe nikaamua nitaitengenezea kinywaji, kila aliyekuja kumzika aonje, na juu ya kila chupa kuwe na uso wake.

Picha nzuri nilikuwa nayo moja tu. Nilimpiga mwenyewe kwa simu, jikoni kwangu Wote, siku alipoonja tangawizi yangu mara ya kwanza. Gesi ilimpanda puani. Alicheka mpaka akashika meza kwa mikono miwili. Nikaikata ile picha ikawa duara, sikio moja likabaki nje, nikaituma Nairobi.

Vifuniko vilipofika vilipendeza sana. Nduku alishika kimoja, akakigeuzageuza, akauliza, "Na hiki kitafunguliwaje?"

"Kama vingine vyote."

Akaniangalia tu. (Wanaume, mke akikuangalia hivyo, keti chini ufikirie. Mimi nilienda kubana chupa.)

Hata pale jikoni dalili zilikuwepo. Vichache vilipinda mashine ilipoteleza, na baba akatoka kidevu kikiwa kwenye shavu. Nilivitupa nikaendelea. Vilivyobaki vilitosha chupa zangu, hakikusalia hata kimoja.

Leo asubuhi tulizileta kwa gari la kuazima, kreti zimefunikwa kwa blanketi lililoloweshwa maji. Mama sikumwambia. Nilitaka aone mwenyewe.

Maombi yalienda vizuri. Msalaba uliwekwa, Pasta akahubiri kwa ufupi kuliko kawaida yake kwa sababu ya joto, watu wakaketi chini ya turubai tulilofunga kwenye nguzo za miti. Nikasimama nikaeleza habari ya ile asali, kisha mimi na Nduku tukaanza kugawa chupa.

Kwa kama dakika moja nilikuwa mtoto bora Kitui nzima. Watu wazima walipokea chupa kwa mikono miwili. Mama mmoja wa kwaya alifuta machozi. Nyuma nilisikia mtu akisema ni yeye kabisa. Mama yangu alikuwa upande wa pili akisalimiana na wazee wa kanisa, na mimi nilikuwa nimeweka chupa yake kando nimpelekee mwenyewe, kwa heshima.

Ndipo baba mdogo, Mzee Kilonzo, akaweka chupa yake mdomoni.

Mzee Kilonzo ni ndugu anayemfuata baba, na hufungua chupa kwa meno. Amefanya hivyo tangu ujana wake na ni jambo analojivunia. Nilimwona akimng'ata kaka yake kwenye paji la uso. Nikasikia mlio. Nikamwona akimtema kwenye vumbi. Kisha akanywa, akasema ni tamu sana.

Nikageuka kutazama wengine. Opena nne za kufungulia chupa zilikuwa zinazunguka, na kila mahali baba alikuwa anakunjwa katikati. Vifuniko vilianguka vikiangalia juu. Watu wakavikanyaga wakienda kuongeza pilau. Na kwa sababu ya ile picha niliyochagua, baba alikuwa anacheka tu, chini ya viatu vya kila mtu, kama aliyefurahia.

Nikaanza kuinama na kuviokota nikijifanya natafuta funguo. Nilikuwa nimejaza mfuko mmoja upepo ulipokuja.

Upepo wa huku mnaujua. Turubai liliinuka upande mmoja, kamba ikakatika. Binamu yangu Kasyoka ni fundi wa mabati na hapendi kukaa bure. Fundi yeyote wa huku anajua kwamba ukipigilia turubai kwa msumari mtupu litachanika, kwa hivyo unatoboa kifuniko cha chupa unakiweka katikati ya msumari na kitambaa. Nyundo na misumari alikuwa nayo kwenye pikipiki. Vifuniko vilikuwa vimejaa miguuni pake. Alichukua vitatu bila kuviangalia, akapanda kiti, akapiga.

Mimi nilisikia nyundo kabla sijaelewa. Nilipoinua kichwa, baba alikuwa kwenye nguzo mara tatu, msumari katikati ya macho, hatua chache kutoka kwa msalaba wake mpya. Na mama alikuwa amesimama chini ya nguzo hiyo, akiangalia juu.

Watu wakageuka kuangalia juu, meza moja baada ya nyingine. Kasyoka aliangalia alichokipigilia, akashuka kitini polepole, nyundo bado mkononi. Waliokuwa wamefungua wakaficha chupa nyuma ya miguu. Waliokuwa hawajafungua wakabaki wamezishika, watu wazima wenye kiu, kila mmoja akiangaliwa na marehemu. Pasta alikuwa amefika nusu. Ukingo mmoja wa kifuniko chake ulikuwa umeinuka, tangawizi inamtiririkia kwenye mkono wa shati, naye amekibana kwa kidole gumba. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ndugu Mutua, nimalize ama nimrudishe?"

Mama aliuliza kwa Kikamba ni kazi ya nani hii. Kasyoka akaninyoshea nyundo. Nikasema nilitaka iwe kumbukumbu, na nilipopiga hatua kumfuata, vifuniko vikalia mfukoni mwangu.

Mama aliingia ndani akatoka na ungo, akainama, akaanza kuokota. Kina mama wa kwaya wakamfuata, kisha wazee, kisha kila mtu. Kanisa zima likawa limeinama kumtafuta baba kwenye vumbi. Mzee Kilonzo alitafuta kuliko wote, na alipompata alimpangusa kwa koti lake la Jumapili. Misumari niliing'oa mimi mwenyewe.

Tulipobaki wawili sebuleni, mama aliweka ungo mezani. Nilingoja anigombeze. Badala yake alichukua kifuniko kimoja, akajaribu kukinyoosha kwa kidole gumba. Havinyooki, vitu hivi. Akajaribu kingine.

"Hii picha ulitoa wapi?"

Nikamweleza. Jikoni, gesi, puani, meza.

"Na mkono wake ulikuwa wapi?"

Sikuelewa swali. Nikasema mikono yote miwili ilikuwa imeshika meza.

Mama akakisogeza kile kifuniko karibu na macho. Baba alikuwa na pengo, jino la mbele la juu, alilipoteza kabla hawajaoana. Hilo nilijua, lakini nilikuwa sijawahi kufikiria kwa nini kila alipocheka alifunika mdomo. Nilidhani ni tabia tu, kama wengine wanavyojikuna sikio.

"Miaka arobaini," mama akasema. "Hata mimi alinificha."

Mimi sikujua kama nimempa kitu au nimemnyang'anya. Bado sijui vizuri.

Baadaye aliuliza kama kuna kifuniko ambacho hakijapinda. Nikasema vyote viko juu ya chupa, na kukitoa lazima kipinde. Akainuka, akatoka nje, akawaambia wageni wafungue wanywe, mwenye nyumba hakuwahi kumwacha mgeni na kiu. Pasta akatoa kidole. Halafu mama alichukua ile chupa niliyomwekea kando, akaifuta kwa leso yake, akairudisha ndani. Akafungua kabati la vioo, akasogeza vikombe vya harusi yao, akaiweka katikati.

"Huyu hafunguliwi," akasema.

Sasa nifike kwenye sababu ya kuwaandikia. Ile chupa ina asali, na ile hamira haijalala. Kinywaji hiki kinakaa siku chache kwenye baridi. Mama hana friji, na joto la Migwani halina huruma. Mwaka jana moja ilinilipukia jikoni na mpaka leo kuna kipande cha kioo kwenye dari. Nimejaribu kumwambia mara mbili. Mara zote mbili nimemkuta amekaa mbele ya kabati, ameinamisha kichwa kidogo, anatabasamu na mtu. Nikarudi nyuma.

Nimeshaagiza kifuniko kingine Nairobi. Kikifika nitajaza chupa ya pili chai ya rangi iliyopoa, isiyo na hamira, nikibane, na Jumapili mama akiwa kanisani nimbadilishe baba. Kwa sasa Nduku amekivuta kiti cha mama hatua tatu nyuma, akasingizia upepo wa mlangoni, na juu ya kabati ametandaza blanketi zito likafunika kila kitu isipokuwa ule uso.

Kwa hivyo niombeeni, lakini msinicheke. Kicheko kilicho kabatini kina presha ya kutosha.