Babu Yetu Hakuwa Nahodha

Ahmednasir Abdi Elmi,
Burat, Isiolo.

Kwa Msimamizi,
Jumba la Kumbukumbu za Mabaharia,
Mombasa.

Mheshimiwa Msimamizi, salaam aleikum.

KUH: MZEE WETU MLIYEMTIA BAHARINI BILA RUHUSA YA FAMILIA

Natumai u mzima na wageni wanaingia vizuri. Mimi nasafirisha mbuzi kwa lori kutoka Isiolo. Mwezi uliopita, baada ya kushusha mzigo mjini kwenu, joto lilinishinda nikaingia katika jumba lako kutafuta kivuli. Binti anayetembeza wageni, Kagure, alinionyesha mizinga, nanga na milango ya kuchongwa, vitu vizuri kabisa. Kisha akasimama mbele ya picha kubwa ya mwanamume mwenye kilemba na pua ndefu, akasema, "Huyu ni nahodha aliyeleta tende zamani. Jina lake halijulikani."

Nilimwambia jina linajulikana sana. Huyo ni babu yangu Elmi, askari wa ngamia. Pua ile ninayo mimi, na nilimgeuzia uso upande ili aione. Kagure alinijibu kwa heshima, "Mzee, kila wiki kuna mtu anayekuta babu yake hapa."

Niliipiga picha kwa simu pamoja na maandishi yaliyo chini yake, nikaondoka. Malalamiko yangu ni haya:

1. Babu hakuwa mtu wa maji. Mkoloni alimleta Isiolo kwa nchi kavu, akiwa na bunduki na ngamia, akaishi hapa mpaka akafa. Mto Ewaso Nyiro ukijaa, aliwaacha ng'ombe wavuke, yeye akabaki ukingoni akiwapa ushauri. Kumwita mtu kama huyo nahodha ni kumsingizia.

2. Mpwa wangu Bule aliituma picha hiyo pamoja na maandishi yenu kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa. Alidhani anatupa sifa. Baadaye kukawa na kikao cha kuandikisha ploti. Zamu yangu ilipofika, jirani yangu Lokuruka alisimama, akasema, "Mwenyekiti, hawa ni watu wa bahari. Wapimiwe yao huko majini." Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini karani aliweka kalamu chini, akasema jambo langu likachunguzwe kwanza. Mheshimiwa, sisi tumezoea kuulizwa tulifika Isiolo lini. Kwa msaada wenu, sasa tunaulizwa tulifika kwa meli gani.

3. Kwa hivyo futeni hilo neno "nahodha", mwandike jina lake na kazi yake. Nanga iliyo mbele yake iondolewe, awekwe ngamia. Ngamia nitamleta mwenyewe kwa lori. Ni mpole, ila anakula sana, na hapendi wanafunzi wamshike shingo.

4. Kama hilo ni gumu, turudishieni babu. Ugatuzi umeleta zahanati na afisi mashinani, na sioni kwa nini mababu wabaki makao makuu. Kila kaunti ichukue wa kwake. Ukuta wa duka la dada yangu Nurto umeshapakwa rangi. Wageni wanaopita kwenda kuona wanyama watasimama wamwone babu, wanunue na maji.

5. Mkikataa yote hayo, mkashikilia kwamba ni nahodha, basi nahodha huwa na chombo. Familia inakidai chombo hicho, pamoja na ile sehemu ya bahari ambayo jirani ametugawia. Tuonyesheni mipaka yake tuizungushie miiba.

Nitashukuru nikipata jibu kabla ya kikao kijacho cha ploti. Wasalimie wafanyakazi wote, na Kagure umwambie sikukasirika. Nurto na Bule wanakusalimu. Lokuruka pia anakusalimu. Yuko hapa anakunywa chai nikiandika, na anasema yeye alikuwa anatania tu, hakujua karani hana utani.

Wako mwenye subira,
Ahmednasir Abdi Elmi

N.B. Kabla sijafunga bahasha, nyanya yetu Barwaqo, mjane wa Elmi, amefika kutoka Kulamawe. Umri umekwenda lakini macho bado ni makali. Nilimpa simu aone picha. Aliitazama kwa muda, akasema, "Elmi hakuwa mzuri hivi." Mtu huyo hamjui kabisa.

Nilimwomba basi awathibitishie angalau kwamba babu hakuwahi kupanda chombo. Akaniuliza ni nani aliyenidanganya. Kumbe babu alitoka kwao, bandari ya Berbera, kwa meli pamoja na askari wenzake, akashuka hapo hapo bandarini kwenu akiwa ametapika njia nzima, akaapa ataishi mahali ambapo bahari haiwezi kumfikia. Lokuruka aliyasikia yote. Nilingoja anicheke, lakini alisema tu kwamba hata wazee wake walitoka mahali, na kwamba kikao kijacho yeye ndiye atakayesimama amwambie karani aandike.

Kwa hivyo nayaondoa malalamiko yote matano. Ila kama katika stoo yenu kuna picha ya kijana aliyeinama kwenye ukingo wa meli, hata kama uso hauonekani, naomba nakala. Nyanya anasema mgongo wa Elmi ataujua popote.