Stop-losi na Mabati ya Mama Mkwe

Jumatatu, 13 Aprili
Siku njema kupita kiasi. Euro niliyonunua wiki iliyopita inapanda kama maji ya bamvua. Fedha ni ya Bi Mwanamwema, mama mkwe wangu wa Makunduchi, aliyenipa mwezi uliopita nimnunulie mabati Mwanakwerekwe kabla masika hayajakolea. Hajui kuwa mabati yake yamo ndani ya simu. Mke wangu Thuwaiba naye hajui. Sioni haja ya kuwasumbua.

Jumanne, 14 Aprili
Faida imenenepa. Khatib, jirani yangu hapa Amani, fundi simu anayejiona bingwa wa fedha za kigeni, alichungulia simu yangu bila kuombwa. Akauliza stop-losi yangu iko wapi, yaani ile amri ya kuiambia simu ifunge biashara yenyewe bei ikishuka hadi pale. Nikamwonyesha: chini kabisa, nilipoiweka siku ya kwanza. Akasema biashara ikishaingia faida, stop-losi hupandishwa nyuma yake kidogo kidogo, ili bei ikigeuka uondoke na chako. Yeye alifanya hivyo juzi, akapata ya kununulia feni.
Feni!
Nikamwambia mwanamume hakimbii vita anavyoshinda. Na kumkomoa, nimeamua kuishusha zaidi. Euro ipate pa kupumulia.

Alkhamisi, 16 Aprili
Makunduchi. Thuwaiba alitaka kumwona mama yake, sikupata udhuru. Mvua tangu asubuhi. Nikatoa shikamoo, mkwe akaitikia marahaba huku anasogeza beseni chini ya tundu la paa. Sufuria nyingine ilikuwa juu ya kitanda, imeshajaa nusu. Akaniuliza, kwa upole unaouma kuliko ukali: "Mwanangu, mabati yangu yashatoka dukani?"
Nikamwambia yako njiani, nimeagiza ya kijani. Thuwaiba akanitazama zaidi ya nilivyopenda.
Nikatoka uani kutafuta mtandao. Nikaupata, kidogo, nikiwa nimesimama juu ya kinu kilichopinduliwa. Maji yakichuruzika kwenye kioo cha simu, nikaandika bei mpya ya stop-losi, chini kwelikweli, nikabonyeza. Mtandao ukakatika papo hapo. Nikashuka kifua mbele. Khatib abaki na feni yake.

Ijumaa, 17 Aprili
Tumerudi mjini baada ya sala. Mtandao ukarudi. Euro imeporomoka tangu jana jioni, imepita hata pale niliponunulia. Nikakaa kizingitini. Thuwaiba akauliza nina nini. Nikasema njaa.
Kisha nikaona biashara yangu haipo. Ilifungwa jana, karibu na kilele, mwanzo tu wa anguko, na faida yote imo kwenye akaunti! Stop-losi sikuishusha. Kidole kilichoroa kiligusa tarakimu nyingine, nikaipandisha mpaka mgongoni mwa bei.
Nimetafakari sana. Mtu mwingine angesema bahati. Mimi naiita silika.

Jumapili, 19 Aprili
Jana nilitoa fedha, nikanunua mabati, ya kijani, mazito kuliko aliyoagiza mkwe. Leo tumeyafikisha. Majirani walitoka kutazama. Bi Mwanamwema aliniombea dua ndefu, nikaitikia amina kila kituo, kisha akanikabidhi ujira wa fundi wa kuezeka nimtunzie mpaka kazi ianze.
Njiani Thuwaiba akasema taratibu, "Silima, sikuulizi fedha ya mama ilikuwa wapi mwezi mzima. Lakini ikipotea tena, kalale chini ya tundu wewe."
Wanawake huchelewa kutambua kipaji.

Jumatatu, 20 Aprili
Habari imeenea. Khatib mwenyewe alikuja, kwa adabu, kuuliza niliwezaje kutoka kileleni. Nikamweleza kuwa stop-losi ni ya watu wasiojiamini, na kuwa mwenye silika hutoka wakati wake ukifika. Alikuna kichwa. 
Mchana nimenunua pauni kwa faida iliyobaki pamoja na ujira wa fundi. Bila stop-losi kabisa. Ya nini?
Fundi anapanda juu ya paa Alkhamisi. Pauni inashuka tangu alasiri, nami nimetulia kabisa. Inarudi nyuma kuchukua kasi.