Shimo la Maua Meupe

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Kichaka changu cha tatu cha maua kimekufa. Kilitoka msituni Bukoba, kama cha jirani yangu Bernadina. Chake kiko nyuma ya nyumba, kivulini, simtanki linakidondoshea maji kutwa. Kimejaa maua meupe. Changu kimekuwa ugoro. Leo kwenye jumuiya Bernadina kasema mbele ya watu kwamba mimi, Baba Dorah, nina mkono wa moto, kila nipandacho kinaungua. Wakacheka. Mke wangu Mbuke naye kacheka. Chai nimekataa.

Jumanne, 2 Septemba
Ubaridi na unyevu viko chini. Nilichimba dhahabu miaka sita mashimoni Geita, najua. Nitachimba uani, nipande humo. Bernadina alipokwenda sokoni nimekata tawi la kichaka chake. Anayo mengi. Mbuke kauliza shimo la nini. Nimemjibu halimhusu. Akijua yeye, Bernadina kajua.

Alhamisi, 4 Septemba
Futi nane. Udongo baridi, safi. Nimepanda. Masudi wa nyumba ya pili kachungulia, akauliza nachimba nini. Nikasema choo. Akasema choo ninacho. Nikamwambia ashike yake. Akaondoka anacheka peke yake. Mpumbavu.

Ijumaa, 5 Septemba
Mtaa wetu wote wa Nyasubi unasema nimepata dhahabu. Wamekuja wanaume kumi na mmoja na sururu, wananiita bosi. Nikawaambia ukweli, nimepanda maua tu. Mmoja akasema hata yeye angesema hivyohivyo. Wameanza shimo lao pembeni, karibu na jiko. Kifusi wamemwaga kwenye langu. Tawi limefukiwa likiwa hai. Nimetukana hadi sauti imekauka. Ukuta wa jiko una ufa.

Jumapili, 7 Septemba
Jiko limeanguka asubuhi. Hakuna aliyeumia. Mwenyekiti wa mtaa kawafukuza wale watu, akaniamuru nifukie yote. Mbuke kamchukua Dorah, wamehamia kwa Bernadina. Mlangoni kaniambia, "Baba Dorah, ungeomba tu ungepewa."
Mchana Bernadina kaja mwenyewe na mche na uji. Kanishauri nipande nyuma ya bafu, kuna kivuli na maji ya kuoga yanapita hapo. Mpole kabisa. Nimeushtukia mtego. Anataka nipande pale anapoona kutoka dirishani kwake.
Uji nimekunywa. Mche nimeupokea. Uani nimefukia, mwenyekiti aridhike. Lakini hakuna penye kivuli kama chumbani kwetu, na Mbuke hayupo. Kitanda nimekisogeza. Sakafu ni laini kuliko nilivyodhani. Futi tatu tayari.